Kufunga Mgodi Hakutoshi Kusafisha Mto

Tarehe 18 Februari 2025, ukingo wa bwawa la topesumu, yaani mabaki ya uchenjuaji, la mgodi wa shaba ulibomoka kaskazini mwa Zambia. Takriban lita milioni 50 za majitaka yenye asidi zilitiririka kuelekea mto Kafue, samaki wakafa, na wakazi wa Kitwe wakakatiwa maji. Serikali ikasimamisha shughuli za kampuni husika. Ilistahili. Lakini amri ilitoka asidi ikiwa imeshafika mtoni.

Kampuni nazo husema mgodi ukifungwa ghafla, wafanyakazi hukosa mishahara na serikali hukosa mrabaha. Hoja hiyo ina uzito, ila kwangu iliyo nzito zaidi ni nyingine: mgodi uliofungwa huendelea kuchafua. Miamba yenye salfaidi, yaani madini yenye salfa, ikikutana na hewa na maji hutoa asidi kwa miaka mingi, mchimbaji awepo asiwepo. Kufunga peke yake kunaweza kuwaachia wananchi sumu huku aliyepaswa kuiondoa akiondoka zake. Ndiyo maana ningeanzia kwenye fedha za dhamana: kampuni iziweke kabla ya kuchimba, zitoshe gharama za usafishaji, na zisirudishwe mpaka maji yapimwe na kuonekana salama.

Kwa wachimbaji wadogo mambo ni tofauti. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walifariki kwa sumu ya madini ya risasi. Mawe ya dhahabu yenye risasi ndani yake yalisagwa majumbani, vumbi likatanda kwenye nyua walimocheza. Anayetaka maskini waachwe wachenjue watakavyo awakumbuke watoto hao. Hata hivyo, msako nao una hatari yake: wanaoogopa kunyang'anywa mashine machimboni huweza kuhamishia kazi uani, usiku, karibu zaidi na watoto.

Sumu nyingine ya wachimbaji wadogo ni zebaki, wanayoitumia kunasa dhahabu. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika 2017, haukuwapiga marufuku moja kwa moja kuitumia. Unazitaka nchi zikomeshe kwanza yaliyo mabaya zaidi, ikiwemo kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye makazi. Wapo wanaouita ulegevu. Mimi nauona ni sharti linalokaguliwa kwa urahisi, kwa sababu moto wa kuchomea dhahabu ama upo kwenye makazi ama haupo. Sasa apatikane mkaguzi mwenye usafiri, vifaa vya kupimia maji, na mamlaka ya kuingia mgodini, mkubwa au mdogo, bila kutoa taarifa.