Nafasi tupu katika scanf: tumlaumu msomaji au mwongozo?

Chukua programu fupi ya lugha ya C inayotumia scanf, amri ya kusoma anachoandika mtumiaji: %d husoma namba nzima, %c husoma herufi moja. Inauliza umri kwa scanf("%d", &umri), kisha herufi ya jinsia kwa scanf("%c", &jinsia). Mtu anaandika 25, anabonyeza Enter, na swali la pili linajipitia lenyewe. Ile Enter iliyoachwa na %d ndiyo iliyomezwa na %c. Dawa yake ni nafasi moja kabla ya alama ya asilimia, inayoiambia scanf iruke Enter hiyo: " %c".

Wanaoitetea hati rasmi ya lugha ya C, yaani kiwango cha ISO, wana hoja. Kiwango cha ISO kinatamka kwamba nafasi tupu za mwanzo, Enter ikiwemo, hurukwa, isipokuwa kwa %c, %[ (seti ya herufi) na %n (idadi ya herufi zilizosomwa). Na ubaguzi huo una maana: kama %c ingeruka nafasi, ungesomaje matini herufi kwa herufi bila kupoteza kitu? Ila sentensi hiyo imekaa kwenye hatua za utekelezaji, si kwenye maelezo ya c yenyewe, ambako mwenye haraka ndiko anakokimbilia. Hapo mwongozo wa scanf wa Linux (man page) umefanya vizuri zaidi: onyo limewekwa palepale kwenye c.

Mimi kinachonikera ni kuandika "%d\n" ndani ya scanf, \n ikiwa alama ya mstari mpya. Aliyezoea printf, amri ya kuchapisha, anadhani ameagiza mwisho wa mstari mmoja. Kumbe kwa scanf, nafasi, tabo na mstari mpya ndani ya fomati (maneno yaliyo kati ya alama za nukuu) ni kitu kimoja. Utabonyeza Enter hata mara kumi, programu kimya, hadi uandike herufi yoyote isiyo tupu. Safari hii mwongozo wa Linux ndio unaoteleza. Unasema agizo hilo la nafasi hulingana na nafasi tupu kiasi chochote, hata kama hakuna. Ni kweli tupu, lakini msomaji anaelewa kwamba kama hakuna, basi kazi inaendelea. Itaendeleaje, na scanf haiwezi kujua kwamba nafasi zimekwisha mpaka ione kitu kingine? Kiwango cha ISO, kwa ukavu wake wote, hapa kiko sahihi na wazi: husomwa hadi herufi ya kwanza isiyo tupu, nayo huachwa bila kusomwa.

Kwa hiyo simkubalii anayesema "soma mwongozo" kana kwamba yamekwisha. Upi? Wa Linux ungetosha kama baada ya "hata kama hakuna" ungeongezwa mstari mmoja: kwenye teminali, itasubiri.