Luti: tufunge utumbo au nailoni?

Udi wa taarabu hauna freti, yaani vile vizuizi vya kukingama shingoni ambavyo uzi hubanwa juu yake. Kidole cha mpigaji ndicho kinachoamua sauti. Luti ya Ulaya, iliyotokana na udi wa Waarabu, hufungwa freti shingoni, nazo si chuma kama za gitaa bali ni uzi wa utumbo wa kondoo. Siku hizi wapigaji wanabishana: ya nini kuhangaika na utumbo wakati nailoni ipo?

Wanaotetea nailoni wana hoja. Ni rahisi, haijali unyevu, haichakai upesi. Utumbo huliwa na nyuzi, hasa zilizozungushiwa chuma. Pakishachimbika kijifereji, uzi unakwaruza, na hapo hakuna dawa ila kufunga upya. Unafunga karibu na kichwa, ambako shingo ni nyembamba, unakaza fundo, unachoma ncha mpaka zivimbe zisichomoke (harufu ni ya nywele zilizoungua), kisha unaisukuma freti kuelekea tumbo la luti. Shingo inavyopanuka, nayo inakaza. Kiangazi mbao ikisinyaa, inalegea tena, na watu huchomeka kijiti nyuma ya shingo.

Ila nailoni inateleza, na kwangu hilo ndilo kubwa. Faida ya freti ya kufunga ni kwamba inahamishika. Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Italia, mwaka 1581, alieleza kanuni ya 18 kwa 17: kila freti ikate sehemu 1 kati ya 18 ya urefu uliobaki. Uzi wa sentimita 60 unapata freti ya kwanza kwenye sentimita 3.3 hivi. Asiyeridhika na mpango huo huisogeza milimita chache, sauti fulani zipatane kwa utamu zaidi, japo nyingine kwenye freti ileile zitachacha. Kazi hiyo inataka freti inayotii ukiisukuma na kugoma usipoigusa. Utumbo hushika mbao hivyo.

Maelekezo ya John Dowland, mpiga luti wa Uingereza, yaliyochapishwa London mwaka 1610, yanataka freti nene kichwani na nyembamba kadiri unavyoshuka, zikipimwa kwa nyuzi za luti yenyewe. Hapo nailoni inapata nguvu kidogo: mwenye nyuzi za sintetiki leo hana mabaki ya utumbo ya kufungia, itabidi anunue.

Mimi ningefunga utumbo kwenye freti nne za kwanza, zinazosogezwa mara kwa mara, na nailoni huko chini.