Inawaka!

Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa Jumatatu. Jumanne mpaka Ijumaa likiguswa tu linawaka. Jumatatu asubuhi, na tai yangu shingoni, naambulia "tik, tik, tik". Kwa kuwa ni otomatiki, hata vijana wa kijiweni pale Tabata hawakuwa na cha kusukuma. Ikawa kazi ya kubembeleza kila mwenye waya za kuboosti.

Fundi wa kwanza hata boneti hakuifungua. "Betri hiyo, bosi." Nikanunua mpya. Jumatatu, tik. "Basi ni alteneta." Injini ikiunguruma mita ikasoma volti 14.1, alteneta ya watu haina kosa lolote. Jirani yangu, Mama Rehema, akanishauri niachane na mafundi nitafute shehe.

Jumapili akaja mzee mmoja wa umeme wa magari. Akafungua waya wa hasi wa betri, akapachika mita katikati. Gari limezimwa, milango imefungwa, lakini mita inasoma ampea 0.45.

"Gari likilala halitakiwi kuzidi 0.05," akasema. "Lako linakesha baa."

Akawa anachomoa fyuzi moja moja. Alipofika ya taa za ndani, mita ikaporomoka hadi 0.02. Za juu ya viti zote zimezima, imebaki ya buti. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama saa 60. Yaani ampea-saa kama 26 za betri zilikuwa zinamwangazia tairi la spea!

Sasa buti likifungwa, utajuaje kama taa imezima? Mtu mwenye akili angekaa afikiri. Mimi nikaingia. Kilo 92, magoti kidevuni. Mzee akarudisha fyuzi, akafunga.

Taa hiyo hapo, inanichoma macho. Kwa furaha nikapiga kelele: "Inawaka! Fundi, inawaka!"

Mama Rehema alikuwa anafua uani. Alichosikia yeye ni mtu aliyefungiwa ndani ya gari akilia kwamba linaungua. "Motoooo!" Mzee akakimbilia kuvuta kile kishikio cha kufungulia buti pembeni ya kiti cha dereva, buti likafunguka, nikainua kichwa niseme tumeipata, ndoo nzima ya maji ya sabuni ikanikuta mdomo wazi. Kijana wa dukani akafuatia na mchanga.

Kumbe swichi ya buti iliganda kwa maji ya machungwa niliyobeba kutoka Muheza. Mzee akaisugua kwa mswaki na petroli, dakika tano, elfu kumi. Kicheko alinipa bure.

Usiku, Asha wangu wa darasa la tano akaniuliza taratibu, "Baba, si ungeacha simu mle ndani inarekodi?"

Jumatatu gari likawaka mara moja. Napita kijiweni, wote wamesimama: "Mzee, vipi, inawaka?"

Nikapandisha kioo.