Raj Kapoor wa Mombasa na Glasi za Halati

Nianze kwa kukanusha. Sikuanguka jukwaani. Kilichoanguka ni mwavuli. Wala sikulia, wanja uliteremka kwa jasho, na kila aliyekuwa ukumbini usiku ule feni zilipogoma atanitolea ushahidi. Nayasema haya mapema kwa kuwa shoga yangu, ambaye hapa tutamwita Nargis, keshaizungusha hadithi kutoka Mji wa Kale hadi Kisauni, na kila nyumba anayopita anaitia chumvi mpya. Jana nimepigiwa simu kutoka Muscat. Muscat, jamani! Mtu ameacha kazi zake Oman kuniuliza kama ni kweli nilizimia.

Video hakuna. Ilikuwa sherehe ya kupamba bi harusi, wanawake peke yao, na simu zilikusanywa mlangoni kama ada. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, nikasahau kwamba Nargis hahitaji video.

Haya. Binamu yangu anaolewa, na sisi wawili tumeombwa tuchangamshe ukumbi. Nargis akataka wimbo wa sinema ya Kihindi, Kala Chashma, ile ya 2016, apate kutikisa mabega. Mie nikakataa katakata. Mie nyimbo za kale nimezirithi kwa bibi, aliyeziona filamu zile zikingali mpya pale sinema za Naaz na Regal, buibui kichwani, karanga mapajani. Bibi husema nyimbo nyingine alizijua kwanza kwa marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, mahadhi ya Kihindi na mashairi ya Kimvita, hata siku alipokwenda sinema akashangaa Wahindi wamezipata wapi.

Basi nikachagua Pyar Hua Iqrar Hua, ya filamu ya Shree 420, mwaka 1955. Hata asiyeijua kwa jina ashaiona mahali: waigizaji Raj Kapoor na Nargis mwenyewe wa sinema, usiku, mvua, mwavuli mmoja, kila mmoja anamsogezea mwenziwe. Shankar na Jaikishan walitunga muziki wenye nafasi ndani yake. Fidla zinapanda, unapata muda wa kugeuka, wa kumtazama mwenzio machoni, hata wa kumeza mate. Kala Chashma, beti moja tu, ushaanza kutafuta dawa ya pumu. (Wapenzi wa Arijit Singh, mwimbaji wa nyimbo mpya, tulieni, sijamgusa mtu wenu. Tum Hi Ho yake naililia hadi leo.) Tukapatana: tufungue na ya kale, tufunge na Kala Chashma.

Raj Kapoor ni mie. Suruali ya kakangu iliyokunjwa, kofia, masharubu ya wanja. Watoto watatu wa dadangu wakavishwa makoti ya mvua, maana katika wimbo ule wanapita watoto watatu, na ni wanawe Raj Kapoor mwenyewe: Randhir, Ritu na Rishi. Rishi alikuja kusimulia ukubwani kwamba Nargis wa sinema alimhonga chokoleti ndipo akakubali kutembea mvuani. Hawa wetu walitaka chokoleti, na pesa juu yake.

Sasa, ufundi wote uko midomoni. Raj Kapoor haimbi mle. Watu hudhani alikuwa na sauti moja tu ya kuazima, ya Mukesh, lakini wimbo huu anaimbiwa na Manna Dey, na Nargis anaimbiwa na Lata Mangeshkar. Kazi ya mwigizaji ni kuufungua mdomo kwa wakati, mtazamaji asahau kwamba kuna mtu mwingine studio. Ukichelewa kidogo, utamu wote kwisha. Na kwa kuwa Kihindi changu ni cha sinema, njia yangu ya kujua pumzi zinaangukia wapi ni kuimba mwenyewe na kujirekodi. Mahali pa kuimbia panajulikana: hamamuni. Humo nikaimba sauti zote mbili, Manna Dey na Lata, simu nimeiweka juu ya kidau cha sabuni. Rekodi nikaiita "pyar hua". Wimbo wenyewe nao nilikuwa nimeuita "pyar hua". Dijei akatumiwa vyote viwili.

Naona washaanza kucheka huko. Subirini, bado.

Taa zikapunguzwa. Nikaingia kushoto, Nargis kulia, mwavuli mkononi. Kwenye spika ikaanza kusikika mvua. Shhhhhh. Ukumbi mzima ukaitikia kwa vigelegele. Mama mmoja meza ya mbele akasema, "Mashallah, mpaka mvua wameileta!" Mie mwenyewe nikafurahi, nikadhani dijei katuongezea vionjo. Nikaufungua mwavuli kwa mbwembwe, nikainua uso juu kama mtu anayenyeshewa.

Ndipo kopo likaanguka.

Mlio wa kopo la plastiki sakafuni nao una ukoo. Kopo letu nalijua. Nikalitambua mara moja, pale pale, uso ungali juu, na kabla sijaamua lolote Manna Dey akaanza kuimba. Manna Dey mwenye mafua. Manna Dey aliyebana pua ili sauti iwe nzito, akashindwa mstari wa kwanza, akakohoa, akasema "ala!", akaanza upya.

Na mdomo wangu, wallahi, ukafuata. Sijui niwaeleze vipi. Mazoezi yote yale hayakwenda bure. Sauti ilikuwa yangu, pumzi nazijua, kikohozi nakijua kinapokuja, nikakikohoa kwa wakati wake. Watu wakadhani ni kichekesho tumekipanga. Hata "ala!" niliifuatisha sawasawa. Katika historia nzima ya nyimbo za Kihindi hakuna mwigizaji aliyepatana na mwimbaji wake kama nilivyopatana mie na mie.

Ikafika zamu ya Lata. Hapo Nargis ndiye wa kufungua mdomo, naye kasimama kaduwaa, anakodolea spika. Nikamfinya. Akafungua. Ikamtoka kinywani ile sauti yangu nyembamba, inapanda, inapanda, halafu juu kabisa inakatika kabisa, kimya, kisha inaibuka upande wa pili na wimbo mwingine. Bibi yangu, ambaye masikio yake huchagua la kusikia, akauliza kwa sauti iliyofika jikoni: "Huyo Lata kapaliwa?"

Bado tungeokoka. Hata zile fidla nilizoziimba kwa mdomo, "niii ni ni niii", watu walizipigia makofi. Watoto wakapita na makoti yao ya mvua, wakapendeza. Nikaanza kuamini kwamba nitatoka salama, tena na sifa.

Kwenye spika, mlango ukagongwa. Ngo ngo ngo.

"We! Utatoka lini humo? Maji ya mtungi hayo, nimeyanunua kwa pesa!"

Mamangu. Mamangu wa kwenye spika. Mamangu wa kweli alikuwa meza ya mbele, deraa la kumetameta, sambusa imesimama nusu njia kuelekea kinywani. Ukumbi ukaangua kicheko. Nami namjua mamangu na naijua rekodi ile, nikajua kinachofuata. Nikamgeukia dijei nikampungia mwavuli kama mtu anayesimamisha matatu. Dijei akanipungia na yeye, kafurahi.

"Na zile glasi nishazifunga upya, karatasi nzuri. Ndizo alizotuletea halati yako harusi ya kakako. Hata hatazikumbuka."

Halati yangu, dada wa mamangu, ndiye mama wa bi harusi. Alikuwa kaketi kiti kimoja baada ya mamangu. Zawadi ziko mezani mbele yao, na yetu iko juu kabisa, karatasi nzuri, utepe.

Hakuna aliyecheka. Ndipo mwavuli ulipoanguka. Nilitamani kuinama niuokote, maana chini ndiko pekee kulikokuwa hakuna macho, lakini kwenye spika mie wa hamamuni nikajibu kwa furaha kubwa, "Poa, mama!", na mdomo wangu mpumbavu, kwa mazoea, ukaifuatisha. Mbele ya halati. Poa, mama.

Dijei akazinduka, akabonyeza kitu cha kwanza alichokiona. Kala Chashma ikalipuka. Nargis akatimka kwa mlango wa jikoni, Nargis huyo huyo anayewaeleza nyie kwamba mie ndiye niliyekimbia. Mie nilibaki, miguu haikuwa yangu. Waliocheza ni wale watoto watatu, makoti ya mvua, mabega yanatikisika, na wamecheza vizuri mno, chokoleti imelipa.

Yaliyofuata ni mafupi. Bi harusi alicheka hadi fundi wake wa vipodozi akamtishia kuondoka. Bibi aliwatazama binti zake wawili, mmoja kisha mwingine, akaomba aletewe kaimati. Mamangu akala sambusa yake yote. Halati hakusema neno. Alivuta boksi, akafungua utepe taratibu, akatoa glasi moja moja akazipanga mezani mbele ya watu, kisha akamgeukia mamangu.

"Dadangu, mie niliwapa sita."

Zilikuwa tano.

Kwa hivyo tangu siku ile mamangu hazungumzi na mie ila kwa jambo moja. Nishapita Biashara Street duka kwa duka, nishaingia Marikiti, sijaipata. Ni glasi ya maji, ndefu kiasi, ukingo wa dhahabu, ubavuni ua waridi jekundu lenye majani mawili. Mwenye kujua inakouzwa anitumie ujumbe, hata kama ni moja iliyobaki kabatini kwenu, nitainunua. Nargis, wewe usinitumie kitu.