Ashuke au Abaki?

Kila mwaka mtaa wetu hapa Mwanza hufanya bonanza la kuchangia madawati ya shule ya msingi. Asubuhi mbio za kilomita 5, kisha kuvuta kamba, kukimbia na magunia, na mwisho kufukuza kuku, mchezo wa vijana. Mwaka huo wakatangaza zamu ya "waliotimiza miaka 45 na kuendelea". Mke wangu akaniangalia tumbo. Nikamkabidhi koti, nikajiandikisha.

Jogoo alikuwa wa kienyeji, shingo kipara, macho ya mtu aliyewahi kuponea chupuchupu Krismasi. Alipoachiwa, wenzangu wanne waliparamia pale alipokuwa amesimama, wakakumbatiana wenyewe. Mimi nikamwona anakata kuelekea mlimani.

Uwanja wetu uko chini ya mlima wa Mabatini, na Mwanza ukisema mlima unasema mawe: jiwe juu ya jiwe, mengine makubwa kuliko nyumba zilizobanana katikati yake. Jogoo akaruka la kwanza, la pili. Na mimi nyuma yake, nashangiliwa kama nimefunga bao Kirumba. La tatu mpaka leo sijui nililipandaje. Juu nikawakuta pimbi wawili wanaota jua. Wakanitazama, wakatazamana, wakahama. Jogoo hayupo! Kumbe kashukia upande wa pili, yuko uwanjani anadonoa wali chini ya meza kuu.

Kupanda jiwe ni kama kukopa, kazi iko kwenye kulipa. Nikigeuka nishuke, raba zinateleza na magoti yanacheza yenyewe. Nikakaa. Jiwe la saa sita mchana linakaanga, jamani. Nikawa nageuza kalio la kulia, la kushoto, kama sato kikaangoni.

Mshereheshaji akaniona. Michango ilikuwa inasuasua tangu asubuhi, basi akaweka ndoo mbili mbele ya watu.

"Ndoo ya bluu, Baba Kulwa ashuke, tunaleta ngazi! Ndoo nyekundu, Baba Kulwa abaki! Itakayojaa kwanza ndiyo tutakayoisikiliza!"

Nilikuwa najiona mtu wa watu. Foleni ikaanza kwenye nyekundu. Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni akatumbukiza elfu mbili: "Akae hukohuko mpaka anilipe!" Fundi baiskeli akafuata, mjumbe akafuata. Mwalimu mkuu, niliyetegemea atanitetea, alikuwa anahesabu madawati kwa vidole.

Ndipo mke wangu akainuka, koti langu mkononi. Nikashusha pumzi. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, ule ambao nilijua haujui, akatoa msimbazi wangu wa akiba. Akaunyanyua watu wauone. Akatembea taratibu hadi kwenye ndoo ya bluu, akasimama. Nikampungia. Akanitazama, akaitazama noti, akahamia nyekundu.

Uwanja ulilipuka. Hata pimbi walirudi kuchungulia.

Nilishushwa saa nane, si kwa ngazi, bali na binti wa miaka kama minane aliyekuwa anapandisha maji kwao, yeboyebo miguuni. Alitua dumu lake, akanishika kifundo cha mguu. "Babu, angalia jiwe, usiangalie watu. Weka hapa. Sasa hapa."

Jioni nilirudishiwa koti. Mfuko wa ndani ulikuwa umeshonwa.