Chapuo ya plastiki, vumi ya ngozi: mabishano yetu ya ngoma za kuagizia

Kikundi chetu cha ngoma za harusi hapa Mombasa kimegawanyika, wengine wanataka tumpe fundi oda atuchongee ngoma mpya za mbao na ngozi, wengine wanasema tununue za dukani za plastiki tumalize. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini mimi naona pande zote mbili zina hoja.

Wa plastiki wana haki kwa jambo moja kubwa, nalo ni hewa yetu. Ngozi hunywa unyevu, ikinywa inalegea, na ikilegea sauti inashuka. Nenda harusi ya usiku msimu wa masika, chapuo, ile ngoma ndogo ya sauti ya juu, inaanza kali kama kofi, baada ya saa moja imekua kama unapiga godoro. Zamani hio si shida, unawasha makuti nje unaikausha juu ya moto ngozi inajivuta tena, lakini kwenye ukumbi wa tailizi na viyoyozi huo moto utauwasha wapi? Plastiki hainywi maji, ndio manake tangu mpiga ngoma Remo Belli aanze kuuza ngozi za ngoma za plastiki Marekani 1957 zimeenea dunia nzima, na hata dumbaki nyingi, zile ngoma za umbo la kikombe, za kutoka Misri siku hizi ni alumini na plastiki wakati zamani zilikua za udongo na ngozi ya samaki ama mbuzi.

Sasa upande wa sauti. Uzi wa gambusi ukiupiga, sauti zake za juu zinapangana, mara mbili, mara tatu ya ile ya chini. Ngoma haiko hivo, sauti yake ya pili ni kama mara 1.59 ya ile ya kwanza, haiingii popote. Plastiki nyembamba inaziacha hizo sauti za juu zilie na zikae, ndio unasikia ule mlio wa "peng" unaoumiza sikio. Ngozi ni nzito na laini, inazimeza mapema, kinachobaki ni tumbo la ngoma. Wahindi walilimaliza hili kwa ule mviringo mweusi katikati ya tabla, unaozipanga sauti mpaka ngoma inaimba noti, mwanasayansi C. V. Raman ndie aliyeonyesha sababu yake, na sisi watu wa taarabu ya mwimbaji Juma Bhalo, yenye tabla, utamu huo tunaujua kwa masikio.

Ila tusidanganyane kwamba kila ngoma ya mkono ni nzuri. Mti mbichi hupasuka, mdomo usiponyooka ngozi haikai sawa na ngoma inakwaruza ukiipiga. Nilikaa na fundi mmoja Kisauni nikimuangalia anawamba: ngozi ya mbuzi imelala ndani ya maji usiku kucha, anaivuta ikiwa mbichi, anapigilia mambo moja huku moja kule, asizunguke kwa mpangilio, alafu anaianika kivulini maana jua kali litaikausha kwa haraka na ichanike. Ilipokauka akagonga pembeni, "ti", akagonga katikati, "duuu", akarudia upande wa pili mpaka zikafanana. Kazi hio mashine haina.

Kwa hivo mimi nasema hivi, chapuo iwe ya plastiki, sauti yake yote iko kwenye mvuto wa ngozi na ndio inaanguka kwanza, na ukali wa plastiki hauiharibu sana. Lakini vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, wallahi, vumi ya plastiki siitaki, ile watu wanaisikia kwa kifua kabla ya masikio na ikishuka kidogo bado inabeba ngoma yote. Mzee wetu hakubali hata hilo la chapuo, anasema mkono wake hausikii kitu kwenye plastiki, na sina jibu la kumpa kwa sababu mkono ni wake.

Oda ya vumi tumeshaitoa. Ni mwembe, kwa sababu miti ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, haikatwi ovyo na tangu 2008 iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Gogo limelala kivulini Kisauni, na fundi amekataa kulichimba mpaka limalize kukauka.