Mathenge wa Baringo: hesabu ya makaa na hesabu ya nyasi

Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo, karibu na Ziwa Baringo, waliishtaki serikali ya Kenya, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi kuwa kielelezo. Meno yalikuwa yameozeshwa na sukari ya maganda ya mathenge, mti ambao jamii ya Il Chamus, wenyeji wa hapo, haikuuomba wala haikuulizwa kama inautaka. Mbuzi wa nyika bila meno ni mbuzi aliyekwisha kufa, kinachosubiriwa ni siku tu. Mwaka 2008 serikali iliutangaza rasmi mathenge kuwa gugu hatari. Ni mti uleule ambao serikali hiyohiyo, ikishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), iliupanda Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kabla ya kuwalaumu waliouleta, tukumbuke walichokuwa wakikitazama. Ukame wa miaka ya 1970 ulikuwa umeiacha ardhi uchi. Upepo ulipeperusha vumbi, kuni zilitafutwa mbali, na mifugo ilikuwa imekula kila kilichoota. Mathenge, mti wenye asili ya Amerika, ulionekana kuwa jibu: hustahimili jua na chumvi, mizizi yake hufuata maji chini sana, hukua upesi na huzaa hata mwaka usio na mvua. Tayari mwaka 1973 ulikuwa umeletwa Mombasa kufunika machimbo ya Bamburi. Na kwa kweli ulifanya ulichotumwa kufanya: vumbi lilipungua, kuni zikapatikana. Ila sifa zilezile zilizofanya uchaguliwe ndizo zinazoufanya usizuilike. Mbuzi na ng'ombe hula maganda, mbegu ngumu hupita tumboni bila kuvunjika, kisha huanguka ndani ya mbolea yake mwenyewe kilomita kadhaa mbele. Mafuriko ya mito kama Perkerra humalizia kazi.

Watafiti waliopima picha za setilaiti waliona kwamba mwaka 1988 mathenge ulifunika hekta 882 za Baringo. Kufikia 2016 ulikuwa umefika hekta 18,792, yaani hekta 640 hivi kila mwaka. Katika kipindi hicho eneo la nyasi lilipungua kwa asilimia 86, na mashamba ya umwagiliaji kwa asilimia 57. Asilimia 86 ya nyasi si badiliko la mandhari tu. Kwa mfugaji nyasi ndizo maziwa, mahari, karo na heshima ya mzee mbele ya wanawe.

Hata hivyo, ukisimama kando ya barabara ya Marigat utakutana na hoja ya upande wa pili, imepangwa katika magunia. Makaa ya mathenge ni mazito na huwaka muda mrefu. Nguzo zake hujenga nyumba na maboma, nyuki huyapenda maua yake, na maganda yakisagwa hutoa chakula kizuri cha mifugo, na huko kusagwa huiua mbegu. Kwa familia iliyopoteza ng'ombe wake wote katika ukame, mathenge si gugu. Ni kitu pekee kinachoota bila kupandwa na kinachonunuliwa kila wiki. Anayemwambia mama mchoma makaa kwamba mti huo lazima ufutwe wote ana wajibu wa kumwambia pia atapika nini mwezi ujao. Wengi wanaopigia debe kuung'oa hawalifikii swali hilo, na hapo naona hoja yao ina tundu.

Kutokana na ukweli huo ilizaliwa kauli ambayo imeongoza sera kwa miaka mingi: dhibiti mathenge kwa kuutumia. Wakate, wauze, mti utapungua wenyewe. Inavutia kwa sababu haigharimu serikali chochote. Mimi siikubali, na sababu yangu ni kisiki. Mathenge uliokatwa haufi. Huchipua mashina mengi mahali palipokuwa na moja, na baada ya miaka michache mti uliokuwa na kivuli unageuka kichaka cha miiba kisichopitika. Mchoma makaa huchagua mashina manene kwa sababu ndiyo yanayolipa. Machipukizi membamba na miche iliyo pembezoni mwa malisho, ambako uvamizi unaanzia, hayamfai kwa lolote. Kwa hiyo soko hukata palepale ambapo mti umeshashinda na kuuacha pale ambapo bado ungeweza kuzuiwa. Tena, biashara iliyoshika mizizi huhitaji malighafi, na hakuna anayefurahia kuiona malighafi yake ikikauka.

Kuna hoja nyingine inayosikika zaidi siku hizi, ya hewa ukaa: kwamba vichaka hivi, hata kama vinaudhi, vinahifadhi kaboni na hivyo vinasaidia dunia. Utafiti uliofanywa Baringo kwenyewe umeijibu. Malisho yaliyorejeshewa nyasi hujenga upya kaboni ya udongo huku yakiendelea kulisha mifugo, na hivyo hakuna haja ya kumtaka mfugaji atoe malisho yake sadaka kwa ajili ya anga. Hoja hiyo hunikera kidogo, nakiri, kwa sababu anayeombwa kulipia ni mtu ambaye moshi wake angani ni mdogo kuliko wa karibu kila mtu mwingine.

Je, basi mathenge ung'olewe wote? Hapana, na sidhani inawezekana. Penye msitu mzito wa mashina manene, watu wachome makaa kwa miaka mingi ijayo. Lakini kila kibali cha kukata kiambatane na kuua kisiki, ama kwa kuking'oa chini ya usawa wa ardhi ama kwa kukipaka dawa, kisha nyasi zipandwe mara moja. Pembezoni, ambako miche bado ni michache, isingojewe biashara. Hapo fedha za umma zitumike kung'oa, kwa ujira, na wachoma makaa wawe wa kwanza kuajiriwa. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi kwa kuleta wadudu wanaokula mbegu, huku mti wenyewe ukiachwa kwa wanaouhitaji.

Kwamba nyasi zinaweza kurudi si ndoto. Baringo kuna mashamba yaliyozungushiwa uzio na kupandwa nyasi tangu miaka ya 1980, na leo wenyewe huvuna majani makavu, huuza mbegu na kukodisha malisho wakati wa kiangazi. Yamefaulu kwa sababu kila moja lina mwenyewe anayepita asubuhi na kung'oa mche kabla haujafika magotini. Sehemu kubwa ya ardhi iliyomezwa, kinyume chake, ni malisho ya wote. Kusafisha hekta moja ni kazi ya wiki chache, na mradi wowote unaweza kuilipia na kupiga picha. Mbegu zilizolala udongoni zitaota msimu unaofuata, na ule utakaofuata huo, na ng'ombe wa jirani ataleta nyingine. Bado haijakubaliwa Baringo ni nani atakayelipwa kuzing'oa mwaka wa tatu, wakati mradi umeshaondoka.